Nyumba Mbili na Neno Moja la Dada Yako

Juu ya karakana ya viatu,
Mlango wa kijani, ngazi kumi na saba.
Jumatano, tarehe 11 Juni.

Mpendwa shemeji yangu, Miguu Mirefu,

Pokea salamu zangu kwa mikono miwili maana ni nzito. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na mkeo, pamoja na hiyo miguu yako namba arobaini na tano iliyonimalizia ngozi tangu ujana. Mgongo unaendeleaje? Na meno je? Mara ya mwisho uliandika kwamba umebakiwa na magego mawili na hayakutani. Kama hayajapatana mpaka leo yaache tu, hata sisi wenye umri wao hatupatani.

Ukitaka kujua hali yangu, mimi ni mzima kwa maana kwamba napumua. Magoti yanalia kama bawaba kavu. Macho bado yanaona tundu la sindano, ila uzi ndio unakataa kuliona.

Dada yako nitamfikia. Nimeanza na mzaha kwa sababu nikianza naye, kalamu itagoma, na wewe unajua mimi na kalamu hatukusoma pamoja zaidi ya darasa la nne.

Kwenye simu nilikueleza kiharusi kilivyompata mwezi wa tatu, pale ngazi zinapopinda, mkononi ameshika jozi ya viatu vya mteja. Mengine sikukueleza. Nikisikia sauti yako inatetemeka na yangu inafuata, tunabaki wazee wawili tunalizana masikioni huku vocha inakwisha. Ndiyo maana naandika. Karatasi haina kwikwi.

Shemeji, upande wa kulia wote umelala. Mkono wa kulia nauinua mimi, nauweka mapajani pake kama mtoto wa mtu. Chakula namlisha mimi. Nywele anachana binti yetu akija, maana nilipojaribu mimi nilimtoa kama aliyepigana na jogoo. Tangu siku ile hajashuka ngazi kwa miguu yake. Akienda hospitali anabebwa juu ya kiti cha plastiki, kijana wangu fundi umeme mbele na jirani yetu kinyozi nyuma, mimi nafuata nikitoa amri ambazo hakuna anayezisikiliza. Mara ya mwisho kiti kiliteleza ngazi ya tisa. Hakuanguka. Ila nilimwona uso, na tangu hapo usingizi wangu ni wa kuazima.

Daktari, mwanamke mkali mwenye viatu vilivyokwisha kisigino upande mmoja (nilivitazama, nikanyamaza kwa adabu), alitwambia waziwazi. Mgonjwa huyu akae nyumba ya chini, atoke nje kila siku, ajaribu kusimama. Akiendelea kukaa juu kama njiwa, mguu utakauka na hautarudi.

Basi tumefika kwenye barua yako. Umesema mpangaji wa nyumba ya wazazi wenu anaondoka mwisho wa mwezi huu, na kama mimi na dada yako hatuingii, utawapa wale watu wa ghala kwa miaka mitano. Sikulaumu. Nyumba ikikaa tupu inaliwa. Ila umeniwekea tarehe, shemeji, na mimi siku zote ndiye niliyekuwa nikiwapa wateja tarehe na kuwadanganya. Sasa naionja mwenyewe.

Nikwambie ninavyoziona hizo nyumba mbili, nawe unirekebishe.

Ile yenu iko chini, mlango unafunguka moja kwa moja kwenye baraza, zahanati iko nyuma ya ukuta. Kiti cha magurudumu kingeteleza humo kama kijiko kwenye uji. Lakini imejificha mwisho wa kichochoro ambamo hapiti mtu ila aliyepotea. Madirisha yote yanatazama ukuta wa jirani. Nani ataniletea kiatu kule? Panya? Na kutoka kule mpaka hapa ni basi mbili, magoti haya hayawezi basi hata moja. Nikihamia kule, nyundo naitundika. Miaka thelathini na minane ya kugonga, inyamaze siku moja.

Hii yetu unaijua. Karakana chini, sisi juu. Na lile dirisha. Dada yako alikaa dirishani pale tangu tumeoana, akijua mji mzima kwa miguu. Alikuwa anasikia mtu anapanda ngazi, anasema bila kugeuka, "Huyo karani wa posta, kisigino chake cha kushoto kimeachia, mwambie safari hii asikigandishe mwenyewe kwa gundi." Hata sasa nikimsogeza pale uso unafunguka. Nikimwondoa unafungika. Nimtoe dirishani nikamtazamishe ukuta? Au nimwache dirishani mguu ukauke? Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimekuwa kama kiatu kilicholowa, kimevimba na hakiingii mguu wowote.

Sasa sikiliza balaa lenyewe. Kiharusi kilimwachia dada yako neno moja tu. Katika maneno yote aliyonitukania maisha haya, na unajua yalikuwa mengi na mazuri, limebaki moja. Kwetu.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi hospitali alinitazama, akakusanya mdomo kwa shida, akasema, "Kwetu." Akarudia. Mchana tena. Machozi yanamtoka.

Binti yangu, si ni mwalimu wa chekechea, amezoea kueleza watu wasioelewa. Akanieleza. "Baba, mama anataka kwao. Mwanamke akisema kwetu ni kwa wazazi wake. Mpeleke."

Fundi umeme akaruka. "Kwetu ni hapa! Mama anasema asitolewe. Kwetu, sisi wote."

"Hapa angesema nyumbani."

"Angesema nyumbani na neno hilo hana?"

Shemeji, walibishana miezi mitatu juu ya neno moja, kama mawakili wa shamba la urithi. Binti akija anafungua sanduku na kukunja nguo. Kaka yake akija anazikunjua. Mimi katikati, mume mtu, niliyelala naye kitanda kimoja miaka yote hiyo, sijui mke wangu anataka nini. Na niseme ukweli, mimi nilikuwa upande wa kijana. Si kwa hekima. Kwa woga. Kama kwetu ni hapa, basi nyundo yangu inabaki. Nilitamani neno la mgonjwa liwe linanitetea mimi. Hiyo aibu nakuandikia wewe peke yako, usimsomee mkeo.

Jumamosi iliyopita binti akasema yatosha, twende tukaone. Mpangaji wako, mtu mwema, akatupisha chumba cha mbele. Tukambeba. Ngazi kumi na saba, kinyozi anahema, mimi natoa amri. Binti alikuwa ametangulia, amefagia, ameweka kitanda pale pale alipolalia mama yenu.

Tukamwingiza. Dada yako akatazama kuta, akatazama dari, ile sehemu inayovuja ambayo wewe unaahidi kuiziba tangu ulipokuwa na nywele. Akasema taratibu, "Kwetu."

Binti akapiga magoti akalia. "Mnaona? Si niliwaambia?" Kaka yake akatoka nje kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mimi nikajua nimeshindwa, nikaanza kuiaga nyundo moyoni.

Kisha ikaletwa chai. Dada yako akaonja, ya moto, akasukuma kikombe. "Kwetu!"

Tukatazamana.

Kinyozi, mtu mzito yule, akarudi nyuma kumpisha binti, akamkanyaga mgonjwa kwenye vidole vya mguu wa kushoto, ule mzima. "Kwetu! Kwetu!" Na jicho alilomkata nalo nililijua. Lilikuwa tusi, shemeji. Tena tusi la hadhi ya juu.

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Halafu kicheko kikanigeuka, wakanikalisha kitandani kwa mama yenu. Miezi mitatu tumemsikiliza mtu akiomba maji, akisema anaumwa, akiniita jina langu, na sisi tunabishana kuhusu nyumba. Kwetu haikuwa nyumba yoyote. Kilikuwa kipande kilichobaki mfukoni baada ya kuibiwa kila kitu, na alikuwa anakitumia kwa mahitaji yote. Hakuwahi kuchagua. Na sasa hakuna wa kunichagulia.

Tukambeba tukarudi juu. Hata kinyozi hakuhema.

Jumapili nikabaki naye peke yangu. Unakumbuka mtindo wetu wa kazi? Yeye ndiye aliyepokea viatu, yeye ndiye aliyekagua nikimaliza, na chaki ilikuwa yake. Akiridhika, anachora duara kwenye soli, maana yake kiatu kimekwisha, kipandishwe juu chumbani kwetu kingoje mwenyewe, chini kuna unyevu. Asiporidhika, anachora mistari miwili iliyokatana, tuliita mkasi. Mkasi maana yake bado, kishuke kwa fundi. Aliwahi kunichorea mkasi kwenye kiatu kimoja mara nne, mimi natukana kule chini, yeye anacheka huku juu.

Nikachukua vile viatu vyake vyeusi vya kutokea, nilivyomshonea siku binti yetu alipoolewa. Nikavigeuza soli juu mapajani pake. Nikampa chaki mkono wa kushoto. Nilichotaka sikijui vizuri. Labda nilitaka anitukane kwa maandishi.

Alikigeuza kimoja, akapapasa mshono kwa kidole gumba kama zamani. Akachora. Mstari ulienda kombo, lakini ulizunguka ukarudi ulipoanzia. Duara.

Akachukua cha pili. Duara.

Kimekwisha, kingoje mwenyewe. Mwenyewe yupi, shemeji, kama si Yule anayetuchukua sote? Nilimtazama naye akanitazama, na macho yake hayakuwa ya mgonjwa asiyejua anachofanya. Yalikuwa macho ya mkaguzi.

Mimi si mtu wa dini, unajua wanavyonitazama nikipita. Lakini nilikaa pale sakafuni muda mrefu, na kama yupo anayesikiliza, alisikia maneno ambayo hayamo kwenye kitabu chochote. Sina matumaini, nisikudanganye. Sidhani kama atatembea. Daktari naye hadhani, anasema tu inavyompasa. Najua kule kwenye kichochoro tutakuwa wazee wawili na ukuta mmoja, yeye hana maneno, mimi sina nyundo, na ipo siku mmoja wetu atabaki kuutazama peke yake.

Ila mimi ni fundi, na katika karakana yangu mkaguzi hakuwahi kukosewa adabu ila mara moja tu, juzi Jumapili. Nililamba kidole, nikafuta duara la kwanza. Nikafuta la pili. Nikamnyang'anya chaki mkononi, nikachora mkasi kwenye soli zote mbili, mkubwa, wa kuonekana hata na wewe huko uliko.

Dada yako akaviangalia. Upande wa kushoto wa mdomo ukapanda. Akasema, "Kwetu."

Sikuuliza maana yake. Kiatu chenye mkasi hakikai juu, shemeji. Kinashuka.

Kwa hiyo waambie watu wa ghala watafute pengine. Tunaingia siku mpangaji akitoka. Fundi umeme amekasirika lakini amekubali kutoboa dirisha upande wa kichochoro, hata kama atakayepita ni aliyepotea tu. Dada yako atamtambua kwa visigino. Nataka ruhusa yako ya kuutoboa huo ukuta wa chumba cha mbele, unijibu upesi, na usiniandikie "tutaona" kama ile dari.

Nisalimie sana mkeo, mwambie bado namdai kicheko cha siku ya harusi yenu alipokukanyaga. Wasalimie mapacha, na mama mkwe wako kama bado anakataa kufa, mwambie aendelee hivyo hivyo, namuunga mkono. Binti anakusalimu na ndugu yake anakusalimu, kila mmoja peke yake, bado hawajaongea vizuri. Kinyozi anaomba msamaha kwa familia nzima.

Mungu akulinde huko ugenini, akulindie na hayo magego mawili. Kama unaweza kuja, njoo. Usije na machozi, yapo ya kutosha hapa. Njoo na mikono, kuna ngazi kumi na saba za kumshusha dada yako, na safari hii hatutampandisha tena.

Wako akupendaye mpaka soli iishe,
Shemeji yako,
Mzee Nyundo.