Fungate Iliyobaki

Garsen

Nabil wangu, nuru ya macho yangu,

Na ndiyo, nilikusikia kabla simu haijakatika: wanafunzi wako huko Anjouan sasa wanasalimiana kwa Kiingereza njiani. Nilifurahi mpaka nikaunguza mahamri.

Hapa mto umeshuka na mpunga wa mama yako umestawi. Majirani ndio hawachoki. "Bwana harusi gani huyo, kumwacha mke fungateni akajitolee kufundisha bure visiwani?" Nilicheka nao, kisha nikalia jikoni. Nilidhani mama naye ananiona mke aliyekimbiwa, maana kila nilipomwomba ruhusa ya kukufuata alinyamaza.

Jana kaniita chumbani. Kitandani ametandaza kanga, udi na chetezo.

"Mwanangu, bibi harusi hatoki nyumbani fungate haijaisha. Ndiyo maana nilinyamaza. Lakini aliyeikatiza ni mumeo, si wewe. Basi nenda mkaimalizie huko. Na umwambie siku hizo asikanyage shule."

Nilimbusu mikono huku nalia. "Basi, utanilowesha," akasema. Mungu amlipe kheri.

Nifagilie chumba, mpenzi. Mwezi huu hautaisha kabla sijafika kwako.

Mkeo anayekupenda,
Ilham