Mifano ya Ramiro

Saa tatu asubuhi, Xiaobei, ule mtaa wa wafanyabiashara wa kigeni huku Uchina. Ramiro, yule mnunuzi wa mikoba kutoka Peru, alikuwa ameshakaa darasani kabla ya mwalimu.

Swalha, mwalimu ni Evaline wetu. Wiki nzima anamfundisha kitenzi kimoja tu cha Kiingereza, get. Kupata barua, kufika nyumbani, kuugua, vyote humo humo, wakati Kihispania kina neno kwa kila kimoja. Ramiro hutunga mifano, Evaline husahihisha.

Leo Ramiro akaanza kabla hajaambiwa.
"Mke wangu aliugua."
"Sawa. Mwingine."
"Hali yake ikawa mbaya."
"Vizuri. Mwingine."
"Alfajiri nilipata simu."
"Alfajiri iweke mwisho. Rudia."

Akarudia, Swalha. Akairudia bila kosa.

Kisha akauliza mtu husemaje kufika kabla ya mazishi. Evaline akamsifu kwa mfano mgumu, akauandika ubaoni.

Mfano, Swalha. Aliuita mfano.

Saa sita Evaline akamuulizia Ramiro mapokezi, maana alisahau kumpa kazi ya kesho. Dada wa mapokezi akamwambia, "Mwalimu, hukujua? Mkewe amefariki. Ameshakwenda uwanja wa ndege."

Evaline akasema, "Alitunga vizuri."

Akapanda juu darasani, akafuta ubao.