Nilipiga Vigelegele Nyumba Ikiungua

Bibi Mshauri mpendwa, nisaidie, aibu inanimaliza. Mimi nilisoma Unguja hadi darasa la nne tu kabla ya kuolewa huku Bukini, yaani Madagaska, lakini mwanangu Soulé, mashallah, ni mrefu, ana meno mazuri, na yule mzungu aliyekuja kisiwa cha Nosy Be kupiga picha ya sinema ya vita alimchagua yeye kati ya vijana mia. Mzungu mwenyewe alizoea kupiga matangazo ya sabuni, na kweli wanajeshi wake wanatambaa matopeni wanatoka weupe kama wamefuliwa, na kibanda kimoja kinaungua mara tatu, lakini hayo niliyaona baadaye. Picha ilipofika Mahajanga nikaalika mtaa mzima, nikavaa dhahabu, ingawa Soulé aliniambia, "Mama, nenda peke yako, usichukue mtu," nikamjibu, "Acha haya wewe, nimekuzaa uonekane!" Nikamkalisha ubavuni kwangu jirani yangu Koulsoum, ndiye aliyetupokea tulipohamia hapa, naye nyumba yake ilichomwa mwaka ule wa fujo Wangazija wenzake walipouawa hapa mjini, sisi tukiwa bado tunakaa Nosy Be, salama. Basi uso wa Soulé ukajaa pazia zima la sinema, nikapiga vigelegele bila kungoja, kumbe anamburura bibi kizee kwa shiromani yake, ile nguo ya kujitanda, anamwaga mafuta ya taa mlangoni, anawasha, na vigelegele bado viko mdomoni mwangu. Koulsoum akainuka. "Hongera, Mama Soulé," akasema, akatoka. Wiki tatu hapiti kwangu. Nilimpelekea mkate wa sinia, ukarudi na kitambaa chake, haujaguswa. Nimweleze kuwa ni maigizo tu? Au Soulé aache kazi hii?

Mama Soulé, Mahajanga

Mama Soulé,

Pole, lakini leo nitakukaripia. Mwanao aliona aibu mapema akakuonya. Ana akili kukushinda, mwache na kazi yake. Koulsoum si mtoto, anajua ni maigizo. Kilichomtoa pale si picha, ni sauti yako.

Mikate basi. Nenda mwenyewe, mchana, bila dhahabu, umwambie, "Nilishangilia, nisamehe." Usitaje mzungu wala sabuni.

Tena jambo moja. Umeniandikia meno ya mwanao, umenihesabia kibanda cha sinema kimeungua mara ngapi, lakini nyumba ya Koulsoum hukuniambia hata mlango wake ulikuwa wa rangi gani. Nadhani hujui. Muulize. Na akianza kusema, Soulé asitajwe mpaka amalize.