Gitaa la Baba, Bila Mimi

Baba,

Pedali ya gitaa, kile kisanduku cha kurekebisha sauti, iko hapa mezani kwa onyesho la leo usiku. Chomeka waya kwanza, ndipo uwashe spika. Vile vidude vya kuzungusha nimevitia nukta za rangi ya kucha. Kila kimoja kifuate nukta yake. Kile kinachorudisha sauti ya mbao kisipite nusu. Ukikizidisha, gitaa litasikika kama limo kisimani. Ukikipunguza mno, nyuzi zitalia kama manati. Ukumbi ukianza kuvuma, punguza besi. Usigombane na fundi mitambo.

~~Nitarudi kabla hamjaanza kupiga.~~

Asubuhi nilikuwa nafuta nyuzi zako kama kila siku, mara ukatoka chumbani: "Binti yangu, wale wa redio nimewapigia. Nimewaambia kazi yao huitaki. Ukihamia huko, gitaa langu si litabaki kopo tupu!" Mama akacheka. Nami nikacheka, maana mimi nikibanwa hucheka.

Najua ulikuwa unanisifu. Lakini tangu nimalize chuo, miaka miwili sasa, kila sifa yako ni komeo jingine mlangoni.

Mama, chai iko kwenye chupa. Baba asitoke bila kuchua vidole.

Nimekwenda ofisini kwa wale wa redio kusema mwenyewe. Nimejaribu hapa jikoni, kwa sauti, mara nne, mpaka ikaacha kutetemeka: "Baba alikosea. Kazi naitaka, na Jumatatu nahamia."

Kitindamimba wenu