Muthoni, Ulisema Ukivuja Damu

...na bado sijakujibu vizuri, Mwenda mpenzi wangu. Jana kwenye simu uliniuliza kama niliogopa Jumamosi, nikacheka tu kwa sababu mama yako alikuwa kando yangu akimenya viazi. Sasa nakujibu hadharani, kwa barua hii ya wazi, maana mume anayejulikana Meru nzima hawezi kuwa na mke wa kujificha.

Niliogopa sana. Tunajua timu yako ya mpira wa kikapu huko ng'ambo ilivyokuonya: ukimpiga mchezaji mwingine tena, mkataba umekwisha. Kuruka kote huko, kuanguka kote huko, halafu kila kitu kiishie kwenye ngumi moja!

Unaikumbuka ngumi ya Embu? Siku hizo mechi ya Meru na Embu ilikuwa vita, na kaka yangu Nyaga ndiye aliyekuwa akikukaba. Alikutia kiwiko cha mbavu ukakunjika, nawe ukamrushia mpira usoni, pua ikapasuka. Watu wakamwagika uwanjani. Viti vikaruka, mawe yakaruka, refa akakimbia na filimbi mdomoni. Nyaga akakukalia kifuani, mkono mmoja kooni mwako, mwingine umekunjwa juu. Hapo ukaona chupa ikija kichwani kwangu, ukapiga kelele kwa koo lile lile lililobanwa: "Muthoni!"

Niliinama, chupa ikavunjika ukutani nyuma yangu. Uliniita mimi, msichana wa Runyenjes, huko huko Embu, uliyekuwa ukimpenda kwa siri. Lakini Nyaga hakujua siri hiyo. Kwetu muthoni ni jina la msichana na pia ni mkwe, na mkwe hapigwi. Ngumi yake ikasimama hewani.

"Nani muthoni wako, wewe mtu wa viazi wa Meru?"

Waliokuwa wakirusha mawe wakaanza kucheka. "Nyaga, umekalia mkwe!" "Mwache alete mbuzi kwanza, ndio umuue!"

Nyaga akageuka, akaniona nikilia, akaelewa. Ndipo akaishusha ile ngumi, moja kwa moja kwenye mdomo wako. Ulitema jino na damu, ukanitafuta kwa macho, ukatabasamu na lile pengo. Mwenda, siku hiyo nilikwisha!

Tangu hapo nimekuona ukipanda, Nairobi kwanza, kisha ng'ambo, hadi picha yako ikabandikwa kwa vinyozi wa Makutano hapa Meru. Kila hatua ilikuachia alama. Nyusi iliyoshonwa, kidole kisichonyooka, goti linalolia ukipanda ngazi. Sasa zote ni zangu, nimezibusu moja moja. Ni Nyaga tu aliyebaki na kinyongo. Hata harusini alikula pilau yetu na hakukupa mkono. "Yule wa viazi," ndivyo alivyokuita, hata baada ya mbuzi wa mahari kufika.

Jumamosi alikuja kunisalimia, tukaenda kukutazama kwenye runinga ya hoteli moja pale Makutano. Yule mchezaji aliyekuwa akikukaba akakupasua nyusi kwa kiwiko, ile ile iliyoshonwa. Ulipoanguka akakukanyaga mkono. Nilisikia mifupa, ingawa najua runinga haiwezi kunifikishia sauti hiyo. Ukainuka, uso mzima damu, ngumi imekunjwa. Hoteli nzima ikasimama. "Mpige! Mvunje huyo!" Mimi nilikuwa nimeuma kitambaa changu cha harusi.

Kisha wakaonyesha uso wako kwa karibu, midomo ikicheza. Mtangazaji akasema unaomba. Kuomba gani! Mimi midomo hiyo naijua. Ulisema, "Muthoni." Ngumi ikafunguka kidole kwa kidole, hata kile kisichonyooka. Ukapewa mitupo miwili ya adhabu, ukaiingiza yote damu ikiwa jichoni.

Nikamshika Nyaga mkono. "Umeona? Ameniita!"

"Nyamaza, dada," akasema. "Si wewe. Ananiita mimi." Akainua mkono kuelekea runinga mbele ya watu wote. "Niko hapa, muthoni! Niko hapa!"

Sijui ni nani kati yetu uliyemwita, na usiniambie. Nina furaha hata viazi vinaungua jikoni nikikuwaza. Pona haraka, mume wangu, uzi wa nyusi usiuguse. Mwezi huu hautaisha kabla hatujafika kwako, mimi na yeye. Mimi nitakukumbatia. Yeye anasema anakuja kukupa ule mkono wa harusi.

Mkeo,
muthoni wa kwanza