Imelinganishwa na Ipi?

4 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba goti halikusumbui unapokaa mezani. Mimi sijambo, ila nina ugomvi na mhariri. Kitabu changu cha fizikia kwa shule kina sura moja kuhusu mashimo meusi, naye anataka kuiondoa. "Hata mtu mzima hataielewa." Nimemjibu kwamba nitaipeleka kwa fundi saa aliyeishia darasa la saba, akiipitisha, inabaki. Amekubali, mradi jibu lifike kabla ya mwisho wa Aprili. Sura ni hii hapa. Usinionee huruma.

Saa yangu niliyokuachia je, umeitengeneza?

Mwanao.

19 Machi

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Goti halijambo, kinachonisumbua ni kurasa zako. La gololi nimelielewa: Dunia nzima ikikandamizwa hadi ikawa kama gololi, hata mwanga hauna mwendo wa kutosha kuitoroka. Nimeelewa pia kwamba shimo hilo halifyonzi ovyo. Jua lingegeuka shimo lenye uzito uleule, Dunia ingeendelea kulizunguka palepale, ila gizani na kwenye baridi. Jirani yangu mshona viatu amekataa katakata. Anasema shimo ni shimo, litatumeza. Nimemwambia, "Ndugu yangu, wewe shona."

Lakini ukurasa wa tisa umeandika: "Saa inayokaribia shimo huchelewa." Miaka sita ulikaa mezani pangu ukiniuliza "kwa nini" hadi likawa jina lako, na ukiandika vikaratasi vya saa za wateja. Ni lini nilikuruhusu kuandika "inachelewa" bila kutaja imelinganishwa na ipi? Ukurasa huu siupitishi.

Saa yako sijaigusa. Uliondoka ukaacha kazi ya mteja mezani, nami sikuona sababu ya kuharakisha yako.

Baba yako.

2 Aprili

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima na jirani bado anashona. Umenikamata, na umenikamata kwa haki. Nimeandika upya:

"Aliyeivaa saa haoni kasoro yoyote, inakwenda sawa na mapigo ya moyo wake. Aliye mbali, akiilinganisha na ya kwake, ndiye anayeiona ikichelewa. Kadiri inavyosogelea mpaka wa shimo, sekunde yake moja humchukua huyu wa mbali dakika, kisha mwaka. Mwanga wake huwa mwekundu, kisha hafifu, kisha hauonekani tena. Hataiona kamwe ikivuka. Mwenye saa, kwa saa yake mwenyewe, amekwisha kuvuka."

Kuhusu kazi niliyoiacha: ilikuwa saa ya mwalimu mkuu. Springi haikukatika yenyewe kama nilivyokuambia. Niliikata mimi, nikaona aibu, nikapanda basi siku mbili kabla ya siku niliyokuambia ningeondoka.

Mwanao.

20 Aprili

Baba,

Shikamoo. U mzima kweli? Wiki mbili na zaidi sijapata neno. Mhariri ananiuliza kila asubuhi, tena kwa tabasamu. Kama ni ile springi, nigombeze, lakini niandikie.

Mwanao.

23 Aprili

Mwanangu Kwanini,

Marahaba. Mimi mzima, goti zima, jirani mzima na bado mbishi. Ukurasa wa tisa nimeupitisha. Mwambie mhariri wako kwamba fundi saa ameelewa, na akitaka kunihoji, aje na saa yake.

La springi nililijua siku ileile. Wewe hutumia kibano kwa mkono wa kushoto. Alama ilikuwa upande wako. Niliweka nyingine, mwalimu mkuu akaondoka ameridhika. Sikukasirikia springi. Nilikasirika kwamba fundi wangu alidhani sitaiona.

Kilichonichelewesha kukujibu ni saa yako. Nimeifungua, nimeisafisha, kisha nikaiacha wiki mbili chini ya ile ya ukutani, maana siandiki kikaratasi kwa kukisia. Kinasema: "Nzima. Imelinganishwa na ya ukutani."

Kwa posta siitumi. Njoo na hiyo unayoivaa huko, tuziweke mezani pamoja.

Baba yako.