Sungura wenye namba sikioni

Warigia, uko? Usinipigie simu, nyumba imejaa wageni.

Unajua shemeji yangu Wamae hulisha wanyama kule maabara. Jana aliniletea sungura wawili wenye namba sikioni. Si huku kwetu mnyama wa namba ni mnyama aliyepimwa na daktari? Nikajigamba kwa majirani, leo nikapikia wote.

Sasa hivi mtafiti wa maabara amekuja kuwatafuta. "Mama, wako wapi?" Nikamwambia wako tumboni. Nilidhani atacheka.

Hakucheka. Ati walidungwa iodini yenye mionzi wiki hii, waangaliwe kama wataota uvimbe. Wale wa mwaka jana waliota, na ulikuwa saratani. Nikauliza, "Na mtu akiwala?" Akasema, "Sijui, Mama. Hakuna mtu amewahi kuwala."

Sijui, Warigia. Msomi mzima anasema sijui.

Wamae ameketi pale nje, hataki kuniangalia. Ati alidhani wamemaliza nao.

Halafu mtafiti akauliza ni nani alikula shingo, maana hiyo iodini yote hukimbilia shingoni.

Shingo zote mbili nilimwekea Kagure, mke wa kijana wangu. Nilimwambia, "Kula wewe, sasa unakulia wawili, wewe na mtoto tumboni."

Ako jikoni anaosha sufuria, anaimba. Gari la kutupeleka hospitali liko njiani na ni mimi wa kumwambia. Kuja, tafadhali. Nimesimama mlango wa jikoni na simu mkononi.